Barua ya wazi kwa wanangu mnaosoma Kijerumani chuo kikuu

Gangilonga, Iringa

Wanangu,

Kamwene. Likizo iliyopita walinijia vijana wanne kwa nyakati tofauti, wote wa mwaka wa pili au wa tatu, na kila mmoja baada ya shikamoo aliniuliza swali lilelile: akimaliza digrii ya Kijerumani atafanya kazi gani? Mmoja wao alikuwa ameambiwa na baba yake mdogo kwamba amepoteza miaka mitatu na mkopo wa serikali. Tulizungumza kwa kirefu barazani kwangu, na niliyomwambia naona niyaandike ili yawafikie na wengine, kwa kuwa mimi nimeishi kwa lugha hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwa mkalimani wa misafara ya makanisa na miradi ya maji katika nyanda hizi zetu, na ninajua ni wapi inapomlisha mtu na ni wapi inapomwacha na njaa.

Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba Kijerumani peke yake hakiajiri mtu. Kinaajiri kinaposhikamana na kazi nyingine unayoielewa kwa undani, na pale Kiswahili chako kinapokuwa imara sawasawa nacho. Hilo nililijua kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilipelekwa katika kijiji kimoja cha milimani kutafsiri kati ya wahandisi wa Kijerumani na wazee waliokuwa wakisubiri mradi wa maji ya mserereko, yaani yanayoshuka yenyewe kutoka juu bila pampu. Mhandisi alipima kutoka kwenye chanzo hadi mahali wazee walipotaka tangi lijengwe, kisha akasema: "Das Gefälle reicht nicht." Gefälle ni mteremko, alikuwa akisema kwamba mteremko hautoshi, maji hayatashuka yenyewe. Mimi sikuwahi kulikuta neno hilo darasani. Nilisikia gefallen, yaani kupendeza, nikawatangazia wazee kwamba wageni hawakupendezwa na mahali pale. Kumbe eneo hilo lilikuwa limetolewa bure na mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele yangu. Aliinuka, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga, na kikao kikavunjika. Tulitumia siku mbili kwenda kumwomba radhi na kumrudisha. Vyeti vyangu vya lugha vilikuwa vizuri, lakini sikujua maji yanavyosafiri ndani ya bomba. Baada ya hapo nilishinda na mafundi bomba kwa majuma kadhaa, nikiandika katika daftari kila walichokigusa, kwa Kijerumani na kwa Kiswahili, na daftari hilo limenipatia kazi nyingi kuliko cheti chochote.

Kwa hiyo msisubiri kumaliza ndipo mtafute fani ya pili. Anayependa mazingira na ajifunze misitu na maji. Anayependa hesabu na ajifunze biashara ya kahawa ya Mbozi na Mbinga, kwa kuwa Ujerumani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa duniani na anayeweza kusoma mkataba wa mnunuzi katika lugha ya mnunuzi ana nafasi yake. Utalii nao ni mlango ulio wazi. Wajerumani huja nchini mwetu kwa wingi, na mwongoza watalii anayeweza kuwaeleza kwa lugha yao kwa nini mibuyu ya Ruaha imechubuliwa magome na tembo wakati wa kiangazi hatabaki bila wageni. Lakini na ajifunze pia kusimama Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, na kueleza bila kutetereka kilichotokea Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, jinsi kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski kilivyoangamizwa na Wahehe, na jinsi Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, ulivyoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, ndani ya miezi sita, nalo likaja kurudi mwaka 1954 kutoka Bremen. Nimewaona wageni wakilia mbele ya fuvu hilo waliposimuliwa kwa lugha yao wenyewe.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kazi ambayo moyo wangu unaiwaza zaidi, na ambayo naona hamtajiwi vya kutosha. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika katika nchi ya Konde, yaani ya Wanyakyusa, na Rungwe mwaka 1891, Wabenediktini wakaanzisha Peramiho mwaka 1898, na wote waliandika: shajara, barua, orodha za wabatizwa, maelezo ya mashauri ya machifu, bei ya mtama, mwaka wa nzige. Serikali ya kikoloni nayo iliandika, na majalada yake mengi yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, huku mengine yakiwa Berlin, na maandishi ya Wamoravian yakiwa Herrnhut, Ujerumani. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya mkono, kwa hati ya kale iitwayo Kurrent, ambayo hata Wajerumani wengi wa leo hawaisomi. Ninayo nakala ya barua moja ya aina hiyo. Herufi e imeandikwa kama n, na u hutofautishwa na n kwa kikonyo kidogo tu juu yake, hivyo mstari mzima huonekana kama meno ya msumeno. Nilihangaika na neno moja asubuhi nzima, nikidhani ni jina la mto, mpaka nilipolisoma kwa sauti nikagundua ni "Quawa". Ndivyo walivyoandika jina la Mkwawa. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosoma hati hizo, na ni msaada mkubwa, lakini programu haikulelewa na bibi wa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, wala haitajua kwamba jina lililopotoshwa ukurasani ni la kilima unachokiona dirishani kwenu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji. Mazungumzo kuhusu mabaki ya wazee wetu na vitu vilivyochukuliwa yanaendelea, na katika mazungumzo hayo ushahidi ni karatasi. Ikiwa hatuna watu wetu wa kuzisoma, tutawategemea walewale waliochukua watueleze walichukua nini. Makumbusho, vyuo, majimbo ya kanisa na koo zenyewe watawahitaji. Sitawaficha kwamba malipo ya kazi hii huja polepole, mara nyingi kwa njia ya ufadhili wa utafiti, na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ni pa kuanzia kutafuta. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Bayreuth, Leipzig na Hamburg ni mahali ambapo Kiswahili kinafundishwa kwa uzito, na mkumbuke kwamba Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Bagamoyo, alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin tangu 1900. Hamtakuwa wa kwanza.

Sasa suala la kwenda kufanya kazi Ujerumani, maana najua ndilo wengi mnalolisubiri. Silipingi. Tangu tarehe 1 Juni 2024 kuna utaratibu uitwao Chancenkarte, unaomruhusu mwenye digrii inayotambuliwa, au mafunzo ya ufundi ya miaka isiyopungua miwili, kuingia na kutafuta kazi kwa muda hadi mwaka mmoja, mradi awe na Kijerumani cha A1 (kiwango cha mwanzo kabisa) au Kiingereza cha B2 (kiwango cha juu ya kati) na aonyeshe fedha za kujikimu. Mafunzo ya kazi, wanayoyaita Ausbildung, kwa kawaida hudai B1, na muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu hudaiwa B2. Tazameni vizuri hapo: muuguzi aliyehitimu Ilembula au Peramiho ana taaluma lakini hana lugha, ninyi mna lugha. Mtu atakayekaa na wauguzi hao akawafundisha jinsi ya kupokea zamu, kuuliza maumivu yako wapi na kuandika dozi bila kukosea, ana kazi hapahapa Mbeya na Iringa bila kupanda ndege. Naona nafasi hiyo ni kubwa kuliko ualimu wa sekondari, kwa sababu shule zinazofundisha Kijerumani nchini ni chache na haziwezi kuwachukua wote.

Anayekwenda na aende kwa njia iliyonyooka. Kijana mmoja wa jirani alimkabidhi wakala fedha za ng'ombe watatu wa familia, akapewa barua yenye muhuri isiyotambuliwa na ubalozi. Nilimsomea barua ile mwenyewe. Kijerumani chake kilikuwa na makosa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaona. Kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ulizeni ubalozini, na barua isomeni neno kwa neno. Wasomeeni na wenzenu wasioijua lugha.

Kuhusu Kiswahili chenu nitasema kwa ufupi, ingawa kinanisumbua: wengi mlioniletea tafsiri zenu mlielewa Kijerumani vizuri, mkakwama upande wa kwetu. Mkalimani asiyejua kutofautisha mserereko na mteremko atarudia kosa langu.

Mtakaokuwa Iringa mwezi wa saba, karibuni nyumbani siku za Jumamosi asubuhi. Vaeni masweta, mnajua baridi ya huku. Ninazo nakala za kurasa arobaini za shajara ya misheni ambazo hazijawahi kutafsiriwa, nami kwa macho yangu haya sitazimaliza peke yangu. Tutaanza na ukurasa wa kwanza, unaoeleza mvua ilivyochelewa.

Ni mimi mzee wenu,
Mkalimani mstaafu