Kila shule Nairobi ipewe afisa wake wa watoto

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa darasa katika shule ya msingi ya umma huku Kayole. Kuna mtoto ambaye kesi yake huachwa hadi mwisho: hajapigwa, hana alama mwilini, ila nyumbani hakuna anayemtunza.

Sisi humjua mapema kupitia rejista. Jumatatu hayupo, Ijumaa hayupo. Saa ya chakula bangili yake ya kulipia mlo wa Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni, haina pesa, na mlo ni shilingi 5 tu, kwa hivyo walimu tunamlipia. Muhula uliopita msichana wa Gredi ya 4 alikuwa akila nusu ya wali na ndengu, nusu nyingine anaishindilia kwenye mkebe wa siagi. Ya nani? "Ya mtoto." Alikuwa amemfungia mdogo wake nyumbani. Majirani walijua, hata keateka wa ploti alijua.

Mwalimu mkuu alipopigia ofisi ya watoto ya serikali, tuliambiwa tulete barua. Tukapeleka, kukawa kimya. Afisa alipofika, watoto walikuwa wameshachukuliwa na shangazi yao hadi ushago, na hadi leo hatujui kama kuna aliyewafuata huko. Simlaumu sana. Anahudumia kaunti ndogo nzima: leo yuko kortini, kesho kuna mtoto aliyeokotwa stejini.

Sheria haina tatizo. Sheria ya Watoto ya 2022 inamhesabu mtoto aliyetelekezwa kuwa anahitaji matunzo na ulinzi, si lazima awe na jeraha. Nambari ya bure ya 116, ya kuripoti mtoto aliye hatarini, tumeibandika ukutani. Kinachokosekana ni mtu. Kila shule ipewe afisa mmoja anayejulikana, aje siku maalumu kila mwezi, aketi na walimu wa madarasa, rejista ikiwa mezani. Na akishashughulikia kesi, aturudishie jibu. Hatutaki siri za nyumba ya mtu (na tukizipata zitafika staffroom nzima, tusidanganyane). Tuambiwe tu mtoto anaishi na nani sasa na tuangalie nini, kwa sababu kesho yake asubuhi yuko mbele yangu.

Nasi walimu tuna kazi. "Mtoto ana shida nyumbani" si ripoti. Andika tarehe, andika ulichokiona. Tena tuache ile tabia ya kumwita mzazi na kumfokea kabla ya afisa kuarifiwa. Huku kwetu mzazi akishtuka anahama usiku huohuo, na mtoto anapotelea Njiru au Ruai bila barua ya uhamisho.

Idara ya Huduma za Watoto ingeanza na shule chache tu za Embakasi muhula ujao. Chumba cha kuketi tunacho.

Mwalimu wa darasa,
Kayole, Nairobi