Marekani sio kura nyingi tu

Mhariri, huku kijiweni watu bado wanabishana eti Marekani mwenye kura nyingi ndo anakuwa rais, sio hivyo jamani. Kule rais anachaguliwa na wajumbe 538, kila jimbo na fungu lake, na karibu kote anayeongoza hata kwa kura chache anabeba wajumbe wote (Maine na Nebraska tu ndo wanagawana), ukifikisha 270 umemaliza. Ndo maana 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kura zaidi ya milioni 2.8 na Ikulu akaikosa. Mpiga kura wa Pennsylvania, jimbo ambalo chama chochote kinaweza kushinda, wagombea wanambembeleza kama bibi harusi, wa California, ambako mshindi anajulikana mapema, wanamkumbuka wakitaka michango. Na uchaguzi wa 2024 wapiga kura wengi kule walilia na bei za vyakula, kumbe kama sisi tu.

Msomaji wenu, Morogoro