Stenti ya Mrija wa Nyongo Ina Tarehe ya Kutolewa

Wateja wengi wanaofika katika kituo chetu kidogo cha ultrasaundi hapa Kampala, hasa wale wanaoshuka mabasi ya Kasese na Bunagana na ambao tunazungumza nao kwa Kiswahili, hutuuliza swali moja: "Niliwekewa mpira kwenye nyongo, sasa mawe yamekwisha?" Mara nyingi hatuna budi kuwajibu kwamba mpira huo, yaani stenti (kijibomba chembamba kinachowekwa ndani ya mrija wa nyongo), hauyeyushi mawe, bali huipa nyongo njia ya kupita wakati matibabu yenyewe bado yanasubiri.

Nyongo hutengenezwa na ini, huhifadhiwa katika mfuko wake, kisha hushuka kwa mrija hadi mwanzo wa utumbo mwembamba ili kusaidia kumeng'enya mafuta. Mawe yakibaki ndani ya mfuko huweza kukaa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Taabu huanza jiwe linapoteleza na kukwama katika mrija: macho hugeuka manjano, mkojo hukolea kama chai kavu, choo hupauka na ngozi huwasha, na nyongo iliyotuama ikiingiwa na vijidudu, huja maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na homa na kutetemeka. Kwa kuwa hapa kwetu anayetetemeka hudhaniwa mara moja kuwa na malaria, wapo wanaorudia dawa za malaria nyumbani bila mtu yeyote kuwatazama macho. Tunasihi sana: homa pamoja na macho ya manjano ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Huko hospitalini, daktari bingwa hupitisha kamera nyembamba mdomoni hadi utumboni, hupanua kidogo mlango wa mrija wa nyongo na kulivuta jiwe. Upanuzi huo usiohitaji kupasua tumbo uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1974, Ujerumani na Japani. Ikiwa jiwe ni kubwa mno, au mgonjwa amedhoofishwa na maambukizi kiasi cha kutostahimili kazi ndefu, daktari huingiza stenti pembeni mwa jiwe, nyongo ikashuka, na mgonjwa akapata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo huwasahaulisha watu. Stenti ya plastiki inayotumika sana ina unene wa milimita 3.3 hivi, karibu sawa na mrija wa wino ulio ndani ya kalamu, na ina vijipembe viwili vinavyoizuia isiteleze. Tundu jembamba namna hiyo huziba polepole kwa utando wa bakteria na masimbi ya nyongo, na kwa sababu hiyo kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa baada ya miezi mitatu hivi. Mama mmoja alitujia akiwa na homa, amefunga karatasi ya hospitali ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake. Karatasi ilimtaka arudi baada ya miezi mitatu, naye alikuwa amekaa karibu miaka miwili, kwa kuwa hakuna aliyemsomea maandishi yale kwa lugha anayoielewa. Jambo hilo lilituuma, nasi tukaanzisha daftari la stenti.

Mteja yeyote mwenye stenti, hata kama hakuwekewa kupitia kwetu, tunaandika tarehe aliyowekewa na namba ya simu ya ndugu yake, kisha tunapiga simu wiki mbili kabla ya muda kufika, kwa Kiswahili au Kiganda, bila malipo. Kituo chetu hakitoi stenti wala hakiweki. Kazi yetu ni kupima: ultrasaundi huonyesha vizuri mawe yaliyo ndani ya mfuko na mrija uliotanuka, ingawa jiwe lililo chini kabisa ya mrija huweza kufichwa na gesi ya utumbo, kwa hiyo majibu safi kwa mtu mwenye macho ya manjano hatuyahesabu kuwa mwisho wa uchunguzi. Hata mrija ukishasafishwa, mfuko wenye mawe huweza kuyashusha mengine, na kwa wagonjwa wengi madaktari hushauri uondolewe kwa upasuaji.

Anayekuja kupimwa aje na karatasi zote za hospitali, hata zilizochakaa, na asile chochote kwa saa sita kabla ya kipimo. Chai ya maziwa nayo ni chakula, kwa maana huufanya mfuko wa nyongo ujikunje na mawe madogo yasionekane vizuri. Mgonjwa mwenye homa asingoje saa hizo wala asitungoje sisi, aanzie hospitali.