Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, mtuhumiwa asishike muhuri wa SIRI

Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Dodoma

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Mikindani. Mimi ni mstaafu wa masijala. Nimetumikia ofisi za serikali huku kusini, kwanza masijala ya wazi, kisha miaka ya mwisho masijala ya siri, penye kabati la chuma na daftari la kusaini. Niliyoyasoma humo nitakwenda nayo kaburini, nilikula kiapo. Kiapo hakinizuii kusema jambo ambalo kila mtu wa masijala analijua: jalada huingia kabati la siri kwa sababu nyingi, na usalama wa taifa ni mojawapo tu. Lipo linaloingia kwa sababu mkubwa kakosea hesabu. Lipo linaloingia kwa sababu linataja posho. Muhuri ni uleule.

Nimeona nikuandikie wewe kuliko Waziri wa Nishati, kwa kuwa Ibara ya 59 ya Katiba imekufanya mshauri wa Serikali kwa mambo ya sheria. Waziri akiulizwa habari za mkataba akajibu kwamba una siri ya kibiashara, wa kumwambia "hapo sheria haikulindi" ni wewe.

Huku kwetu siri ilishatugharimu. Mwishoni mwa 2012, watu walipoanza kusema gesi haitoki Mtwara, hawakuwa na karatasi hata moja mkononi. Walijua bomba linakuja, litachukua gesi ya Mnazi Bay na kuipeleka Dar es Salaam, na mkopo unatoka China. Mengine yote yalikuwa ya vijiweni: nani kalipwa, Mtwara itabakiwa na nini, viwanda vitajengwa wapi. Mei 22, 2013 hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikasomwa Dodoma, na huku mji ukawaka. Wanajeshi wakaja, watu wakapoteza maisha. Sisemi kwamba mkataba ungebandikwa kwenye ubao wa kata kila mtu angerudi nyumbani kulala. Hasira ya kusini ina umri mrefu kuliko bomba. Wazee bado wanaikumbuka reli ya Nachingwea ilivyong'olewa. Lakini uvumi hupata nguvu pale ambapo hakuna wa kuukanusha kwa maandishi, na mwaka ule hapakuwa na maandishi.

Mwaka uliofuata nyongeza ya mkataba wa Kitalu Namba 2 cha gesi ya baharini, kati ya TPDC, shirika letu la petroli, na Statoil, kampuni ya Norway (ndiyo Equinor ya leo), ilivuja. Kwa hiyo Watanzania waliusoma mgawanyo wa gesi yao kwa hisani ya mvujishaji. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikaitaka TPDC mikataba 26 ya gesi na mafuta. Haikupewa. Mwenyekiti wa bodi na kaimu mkurugenzi mkuu wakashikiliwa na polisi kwa saa kadhaa kwa agizo la kamati, kisha wakaachiwa. Wale mabwana niliwaonea huruma, maana mtumishi hafungui kabati kama mkubwa wake hajatoa ufunguo. Ila picha yenyewe itazame vizuri, Mheshimiwa: wabunge tuliowachagua wanaomba mkataba wa mali ambayo Katiba inasema ni yetu sote, na inakuwa afadhali kwenda polisi kuliko kuukabidhi.

Mwezi huohuo lilikuwepo sakata la Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 za malipo ya umeme yenye mgogoro, zilizotoka kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Kwanza tuliambiwa si fedha za umma. Halafu shauri likakimbizwa Mahakama Kuu ili mjadala usimame. Bunge likajadili hivyohivyo. Desemba aliyekuwa kwenye kiti chako akajiuzulu, waziri mmoja akatenguliwa, na Januari mwingine akajiuzulu. Sikukumbushi haya ili kukuchokoza. Nasema tu kwamba kila aliyetaka jambo lile libaki chini ya meza alikuwa na sababu ya kisheria mdomoni.

Na zipo siri ambazo mimi mwenyewe sitaki zitoke. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, hapa Mtwara, kilivamiwa na watu waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mipango ya kulinda mpaka ule sitaki kuisoma gazetini. Wala sitaki mjumbe wetu akae mezani na kampuni za gesi huku wenzake wa upande wa pili wakijua kiwango cha chini alichoruhusiwa kukubali. Baraza la Mawaziri nalo lina haki ya kubishana faragha. Hayo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni nani anaamua. Mjukuu wangu anasoma sheria, naye ndiye aliyenionyesha kesi mbili za Marekani, ambako marais wamekuwa wakidai haki ya kuficha nyaraka tangu George Washington alipolinyima Baraza la Wawakilishi karatasi za mkataba na Uingereza mwaka 1796. Kesi ya kwanza inahusu ndege ya jeshi, B-29, iliyoanguka Georgia mwaka 1948 na kuua watu 9. Wajane watatu wa wahandisi raia waliokuwemo wakashtaki, wakaomba ripoti ya ajali. Jeshi la anga likadai ina siri za vifaa. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ikalikubalia, na hakuna jaji wa mahakama hiyo aliyeifungua ripoti yenyewe. Karibu nusu karne baadaye, usiri ukiwa umeshaondolewa, binti wa mmoja wa marehemu akaipata. Hakukuta siri za vifaa. Alikuta kwamba ndege ile iliruka bila kufanyiwa marekebisho yaliyokuwa yameagizwa ili injini zisishike moto. Wajane walikuwa wamefichwa uzembe, kwa jina la ulinzi.

Ya pili ni kanda za Rais Nixon, mazungumzo yake ya Ikulu yaliyorekodiwa, ambazo mwendesha mashtaka alizitaka katika kesi ya kashfa ya Watergate. Julai 24, 1974, mwaka uleule gesi ilipogunduliwa Songosongo, majaji 8 kwa sifuri walikubali kwamba rais anayo haki ya siri katika mashauriano yake. Kisha wakasema haki hiyo haiwezi kuizuia kesi ya jinai, kanda zipelekwe kwa jaji azisikilize faragha na kutenga zinazohusika. Watatu kati ya majaji hao aliwateua Nixon mwenyewe. Siku 16 baadaye alikuwa ameshaondoka madarakani. Mwaka 1953 majaji waliamini bila kutazama; mwaka 1974 jaji alisikiliza akiwa amefunga mlango, na hakuna siri ya nchi iliyomwagika.

Kwetu ukinyimwa taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ileile, kisha unapanda kwa Waziri. Hapo kashfa ikiwa ni ya wizara, fikiria mwenyewe. Hata korosho hatujipimii daraja: ukifika ghalani anakuja mpima ubora asiye na shamba lako, anachukua sampuli, anakata, ndipo unaambiwa ni standadi au chini ya hapo.

Kwa hiyo nakuomba uishauri Serikali ilete bungeni marekebisho mafupi. Kamati ya Bunge ikiomba waraka katika uchunguzi wa tuhuma, na ofisi inayochunguzwa ikadai siri, waraka uende ukiwa umefungwa kwa jaji wa Mahakama Kuu. Ausome chumbani kwake, aseme kurasa zipi zinalindwa na zipi ziende kwa kamati, na atoe sababu. Likiwa jambo la Kitaya, abaki nalo. Likiwa posho, litoke.

Tena lipo moja lisilohitaji marekebisho yoyote. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, ya 2015, kinataka mikataba ya madini, mafuta na gesi itangazwe. Mkataba wa Nchi Hodhi, yaani makubaliano ya Serikali na kampuni wawekezaji, wa mradi wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika) wa Likong'o, Lindi, nao tuuone mzima, kwa Kiswahili, pamoja na viambatisho, maana kwa nilivyoona mimi, mambo mazito hukaa kwenye viambatisho. Muhtasari wa kurasa mbili wenye picha ya watu wakipeana mikono hautatusaidia. Watu wa Likong'o walishayaachia maeneo yao. Wajue wameyaachia kwa masharti gani.

Nakala nampelekea mbunge wetu na Kamati ya Bunge ya Nishati.

Ndimi,
Mstaafu wa masijala,
Mikindani, Mtwara