Kwako mwanangu, kutoka karakana

Oya mwanangu, niaje, huko Sengerema wazima? Najua umenimaindi, meseji zako tangu mwezi wa tatu nazisoma halafu kimya, na siwezi kusingizia bando maana bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa linaingia. Kiukweli niliona noma tu. We unaniuliza "injinia vipi" na injinia mwenyewe ana 6 kwa 20.

Ndio hivyo, testi ya kwanza ya hesabu. Mi huyu huyu wa PCM, fizikia, kemia na hesabu, niliyekuwa nawafundisha wenzangu prepo usiku. Kumbe huku darasa zima ni vipanga, kila mtu alikuwa wa kwanza kwao, sasa mkikusanywa ukumbi mmoja lazima wa mwisho apatikane na zamu ilikuwa yangu. Nikasema nikajifungie rumu nilie kidogo, rumu yenyewe sasa, semista ya kwanza nilikuwa nabebwa, wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku mwingine kule, utalia saa ngapi na miguu ya mtu iko usoni 😂

Hesabu lakini zilikuja kukaa. Ukikesha na pasti pepa na ukapata wana wa kudiskasi nao zinaingia tu. Kilichonipiga ni penseli. Kuna somo la kuchora, wanakupa kitu kimechorwa kiubavu, we utoe kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa pembeni, na kingo zilizojificha ndani uziwekee mistari ya vipande vipande, yani uchore usichokiona. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Nina sapu hapo, yani mtihani wa kurudia, naifanya mwezi wa tisa, usimwambie bi mkubwa.

Ila kuna kitu nilikielewa nikafurahi peke yangu kama chizi. Unakumbuka ile video uliyonitumia mwezi wa sita unavuka daraja la Kigongo-Busisi na boda, upepo unapiga hata hausikiki unaongea nini? Tulikuwa tunasoma mambo ya nguvu na mizigo, mwalimu anasema ukitaka kukielewa kitu kichomoe ulimwenguni, kibaki peke yake kwenye karatasi, halafu kila kilichokuwa kinakigusa weka mshale. Mi nikastopisha video yako palipo na zile nyaya, nikachora kipande kimoja cha barabara, mshale wa uzito chini, mishale ya nyaya kiubavu kwenda juu, na wewe na boda yako nikakuwekea kamshale. Kilomita 3 zile, mwanangu, na sisi tulikuwa tunashinda pale tunasubiri kivuko mpaka miwa inatuishia.

Sasa nifike nilichotaka kukwambia. Sasa hivi tuko PT, mafunzo ya vitendo, mwaka wa kwanza tunaifanyia karakana ya chuo. Nimepewa kipande cha chuma, jiliwa ya kukibania na tupa ya kukisugulia, nikaambiwa nikisawazishe kiwe mraba. Basi. Nikajua ni kazi ya asubuhi moja, nikaboronga siku nne! Mzee wa karakana anakuja, anaweka skwea, ile ya kupimia pembe, juu ya kipande changu, anakiinua dirishani, ananiita, "Njoo uone." Mwanga unapita pande zote mbili. Katikati pamevimba, kingo zimeliwa, kama mgongo wa sato. Akaniuliza, "Mbona unasugua kama unafua? Tupa inakata ikienda, ikirudi inyanyue." Malengelenge mkononi, kalkuleta mfukoni, nimesimama pale kama mtoto.

Nikakukumbuka wewe. Ulivyoenda VETA kusoma ufundi baada ya fomu foo mi nilikuwa nawaambia watu jamaa kapotea, tena nilisema mbele ya dada yako, nadhani alikufikishia. We siku ile ulikuwa unatengeneza geti la mchungaji, ukaliangalia tu kwa jicho moja ukasema limekwenda kushoto kidogo, mi nikacheka, tukapima, limekwenda kushoto. Nisamehe bwana.

Siku ya tano nilipaka tupa chaki isishike uchafu, nikatulia, nikaacha kukimbizana na wenzangu. Mwanga ukabaki upande mmoja. Mzee hakusema kitu, alinipa kipande kingine.

Nikimaliza sapu napanda basi nakuja, nitakuwepo kama wiki tatu. Naomba nishinde hapo kwako gereji, nibebe hata vyuma, unisimamie tupa na kuchomelea, hela sitaki. Na tuvuke daraja, endesha we ila usikimbize, nataka kuhesabu nyaya.

Mwambie bi mkubwa dagaa zilifika. Zimeisha siku mbili, rumu ina watu sita.

Wako, yule wa 6 kwa 20