Mdogo wangu, majibu ya mikorosho yako wapi?

Mdogo wangu,

Hongera ya PhD nilishakupa na leo nakupa tena. Nyumbani bado unaitwa Daktari, na wapo wanaongoja uje uwaangalie presha.

Ila la siku ya arobaini ya baba halijanitoka. Mzee mwenyekiti alikuuliza kwa adabu, watu wote wakiwa jamvini, majibu ya utafiti uliofanya kwenye mikorosho yake yako wapi. Ukamjibu, "Yameshachapishwa, mzee, yako mtandaoni," ukarudi kwenye pilau. Yako mtandaoni, naam, nyuma ya kufuli la kulipia kwa dola.

Usiniambie ada anayotoza mchapishaji ili makala isomwe bure na kila mtu ilikushinda. Makala ina matoleo matatu: rasimu uliyotuma, toleo lililokubaliwa baada ya wahakiki kulipitia, na lile lililopangwa kurasa na mchapishaji. Kufuli liko kwenye hilo la mwisho. La pili, wachapishaji wengi wanakuruhusu uliweke bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, wengine papo hapo, wengine baada ya miezi 12 au 24. Shida ni kwamba watu wakishapata PDF ya kupendeza hulifuta lile la Word. Lako litafute kwenye barua pepe ya mwisho uliyomtumia mhariri. Na safari nyingine, msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi kama yetu uombe unapotuma makala. Ukingoja ikubaliwe, mara nyingi umechelewa.

Data nazo ziweke Zenodo, ile hifadhi ya mtandaoni ya watafiti, ni bure na utapewa DOI, namba ya kudumu ya kuzitambulisha. Lakini usipakie jedwali lile lilivyo! GPS yenye tarakimu tano baada ya nukta inamfikisha mtu hadi kwenye shina la mkorosho wa watu. Bakiza mbili, majina yawe namba, na daftari la kuoanisha namba na majina lisikae humo. Kabla ya yote soma fomu ya ridhaa: kama uliwaahidi kuwa atakayeona ni mtafiti peke yake, hazipandi popote.

Sasa kijiji, ambacho ndicho kinachoniuma. Karatasi moja ya A4, Kiswahili, herufi za ukubwa wa 14, bila jedwali. Kipimo cha salfa, ile dawa ya kupulizia, kiandike kwa mti, maana mkulima wa Newala anahesabu miti, hekta ni zenu. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaounguza maua ya mkorosho, uliupima kwa alama. Wao waambie ni maua mangapi kati ya kumi yameungua. Na dawa uliyoijaribu ikashindwa itangulie juu kabisa. Kwenye makala uliificha ndani ya kiambatisho, kumbe wao wanainunua kila msimu.

Karatasi ifike Mei, kabla watu hawajaanza kupulizia. Ukiileta Oktoba utakuta wako mashambani wanaokota korosho, masikio yote yako kwenye mnada. Nakala moja kwa mtendaji, moja AMCOS, chama chetu cha ushirika, moja kwa afisa ugani, kisha isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi ya kubandikwa ukutani tu haisomwi, unajua mwenyewe.

Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huku Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wa kwetu wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na mjusi yule mpaka leo amesimama Berlin. Wale walikuwa wageni. Wewe ulilala kwa shangazi na kula chikandanga cha watu.

Utasema nimekuanika. Simu zangu hupokei, ningefanyaje? Niliyekupeleka kwa mwenyekiti nikasema "huyu ni wetu" ni mimi, na ninayekutana naye gulioni ni mimi. Unaniambia nimekuwa mkali tangu baba aondoke. Mkali wapi! Nani alikuchapia madodoso?

Nitumie hilo faili. Kutoa nakala na nauli ya bodaboda ni juu yangu. Kusoma mbele ya mkutano utasoma mwenyewe.

Dada'ako