Makaroni ya nyama yenye rojo la maziwa: tuandikieni vipimo na sababu

Mhariri,

Kurasa za mapishi za magazeti yetu haziishi kutaja makaroni ya nyama ya kusaga yenye rojo zito la krimu. Ni chakula kizuri, watoto wanakipenda, na mtu aliyetoka kazini anaweza kukiweka mezani kwa muda wa dakika arobaini na tano. Shida iko kwenye uandishi: "chumvi kiasi", "maziwa kiasi", "krimu kopo moja", halafu "changanya, acha iive". Msomaji akifuata maelekezo ya namna hiyo anaishia na nyama ya kijivu iliyochemka kwenye maji yake, rojo lililokatika, na makaroni yaliyovurugika. Kisha anajilaumu, wakati aliyeandika hakumwambia kipi kinatangulia wala kwa nini.

Naomba nafasi nieleze chakula hiki kinavyopaswa kuandikwa. Na nianze na hiyo krimu ya kopo, maana ndiyo inayowafanya wengi waone hiki ni chakula cha hotelini. Haihitajiki. Maziwa ya ng'ombe, siagi na unga wa ngano vinatoa rojo laini kabisa, ilimradi mpishi afuate utaratibu. Anayetaka krimu asome kwanza maandishi ya kopo au paketi, kwa sababu nyingine zimetengenezwa kwa mafuta ya mimea na kutiwa sukari kwa ajili ya keki. Ukiimimina hiyo juu ya nyama, chakula chote kimeharibika.

Vipimo vya watu watano ni hivi: nyama ya kusaga nusu kilo, makaroni gramu 400, maziwa mililita 600, siagi gramu 30 ambazo ni vijiko vikubwa viwili, unga wa ngano gramu 30 ambazo ni vijiko vikubwa vinne vilivyosawazishwa kwa kisu, kitunguu maji kimoja kikubwa, punje tatu za kitunguu saumu, kijiko kikubwa kimoja cha nyanya ya kopo, jibini ngumu iliyokunwa gramu 80, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, na kungumanga ya kukwaruza kidogo tu. Mwenye samli badala ya siagi apunguze kidogo, kwa kuwa siagi ina maji ndani yake na samli haina.

Nyama inaanzia buchani. Ng'ombe wetu wengi wanaokulia malishoni wana nyama kavu isiyo na mafuta mengi, na steki tupu ikisagwa hutoa chembechembe ngumu. Omba bega, na mwambie muuza nyama aongeze mafuta kidogo: katika nusu kilo, gramu 75 zikiwa mafuta inatosha. Isagwe mara moja tu kwa sahani ya mashine yenye matundu makubwa. Ikisagwa mara mbili inakuwa kama uji na haitakaangika vizuri. Ukitaka kuosha nyama, osha kipande kizima kabla hakijaingia mashineni, kisha kikaushe. Kuosha nyama iliyokwisha kusagwa ni tabia mbaya iliyoenea mno; inajaza maji ndani ya nyama na kurusha vijidudu kwenye sinki na vyombo vya jirani.

Sasa kukaanga. Uso wa nyama hupata rangi ya kahawia na ile harufu tamu unapofika joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Maji hayavuki nyuzi 100. Kwa hiyo maadamu kuna maji kikaangoni, nyama inachemka, hata moto uwe mkali namna gani. Tumia kikaango kipana, mafuta kijiko kimoja, moto mkali. Mafuta yakianza kumetameta, tandaza nusu ya nyama tu, itande kwa unene wa kidole, na usiiguse kwa dakika tatu au nne. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kuvumilia. Mwiko unaingia mapema, joto linashuka, maji yanatoka, na kilichokuwa kinakaangika kinageuka supu. Sikiliza: mlio mkali wa kukaanga ukififia na kuwa mlio wa kutokota, ujue maji yameshatoka, acha yakauke kwanza. Chini ikishika rangi, geuza, vunjavunja, toa, kisha ingiza nusu ya pili. Chumvi iwekwe baada ya rangi kupatikana, kwa sababu inavuta maji. Nyama ya kusaga iive hadi ndani, kusibaki chembe ya waridi. Mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 71.

Toa nyama, punguza moto, kaanga vitunguu kwenye kikaango kilekile hadi vilainike, dakika saba au nane. Yale mabaki ya kahawia yaliyoganda chini yasioshwe. Unyevu wa kitunguu utayabandua, na ladha nyingi ya chakula iko humo. Weka kitunguu saumu kwa nusu dakika, halafu nyanya ya kopo, ukaange dakika mbili hadi iwe nyekundu iliyokolea. Ukitumia nyanya mbichi, ziwe mbili tu na zikaangwe hadi zikauke na mafuta yajitenge pembeni. Sababu inakuja.

Maziwa hukatika kwa mambo mawili yanayosaidiana: joto na uchachu. Nyanya zina uchachu, na maziwa ya kawaida yana mafuta kama asilimia tatu hadi nne tu, huku protini zake zikiwa tayari kugandana. Krimu nzito yenye mafuta asilimia 35 huvumilia kwa kuwa mafuta ni mengi na protini ni chache. Ukimimina maziwa matupu juu ya nyanya zinazochemka, utaona vipunje vyeupe vikielea kwenye maji ya rangi ya chungwa, na hapo hakuna dawa kamili. Unga ndio unaoziba pengo hilo: wanga wake ukishavimba ndani ya maziwa huzuia protini zisikamatane. Ndiyo maana maziwa lazima yaivishwe na unga kwanza, kwenye sufuria yake, kabla hayajakutana na nyanya.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, mimina unga wote, koroga kwa dakika mbili hadi uwe kama mchanga wa pwani ulioloa, bila kuuacha ubadilike rangi. Mafuta yamezunguka kila chembe ya unga, na hiyo ndiyo kinga dhidi ya mabonge. Anayetia unga mkavu kwenye maziwa ya moto anapata mabonge kwa sababu nje ya unga inavimba papo hapo na kufungia unga mkavu ndani. Maziwa yawe ya uvuguvugu. Tia kikombe kidogo cha kwanza, koroga hadi yawe donge laini, kisha kingine, na kuanzia hapo unaweza kuongeza kwa wingi. Yakishaingia yote, acha yatokote taratibu kwa dakika tano huku ukikoroga hadi pembeni mwa sufuria. Asiyefikisha dakika hizo atasikia ladha ya unga mbichi, na ndiyo sababu watu husema rojo la unga ni uji. Likipata mabonge, lipitishe kwenye chujio la chai, usihangaike nalo.

Kwa wanaonunua maziwa ya mchuuzi, kuna jambo la kufanya kabla ya yote. Chemsha kijiko kikubwa kimoja cha maziwa hayo kwenye kisufuria. Yakiganda, yameshaanza kuchacha hata kama harufu haijabadilika, na hakuna unga utakaoyaokoa. Yakibaki sawa, yachemshe yote. Na ukiyachemsha jana yake na kuyaweka kwenye friji, utakuta malai yametanda juu. Yaengue, yapigepige kwa uma hadi yalainike, uyatie mwishoni kabisa. Hiyo ndiyo krimu yetu, na kwa maoni yangu ina ladha kuliko ya kopo.

Makaroni yanahitaji lita tatu za maji na vijiko vitatu vya chai vya chumvi, vitiwe maji yakishachemka. Usiweke mafuta; yanateleza juu ya makaroni na rojo haliwezi kushika. Usiyasuuze kwa maji baridi, maana unamwaga wanga unaosaidia kufunga rojo. Chagua makaroni mafupi yenye tundu au mikunjo, kwa kuwa nyama ya kusaga inajificha humo. Kwenye tambi ndefu nyama yote hubaki chini ya sahani. Na paketi iandikwe kuwa ni ngano ngumu, durum. Ya ngano laini huvurugika hata ukiwa makini.

Dakika zilizoandikwa kwenye paketi zisichukuliwe kama amri. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na Nairobi chini kidogo ya hapo. Makaroni yaleyale yatataka dakika moja au mbili zaidi huku kwetu kuliko Tanga, na kuongeza moto hakusaidii kitu. Kipimo cha kweli ni kuuma moja: katikati kukibaki kidoa cheupe kidogo kama kichwa cha pini, yatoe. Yataendelea kuiva ndani ya rojo. Kabla ya kuchuja, chota glasi moja ya maji yake uiweke pembeni.

Rojo lisubiri makaroni, makaroni yasisubiri rojo. Rudisha nyama kwenye kikaango cha vitunguu, mimina rojo la maziwa, changanya kwa moto mdogo, kisha makaroni. Geuzageuza kwa dakika mbili, ukiongeza yale maji ya glasi kidogo kidogo. Rojo lionekane jepesi kuliko unavyotaka, kwa sababu makaroni yanaendelea kunywa na likipoa linaganda zaidi. Ukichora mstari kwa kidole nyuma ya mwiko, mstari ubaki wazi. Zima moto, ngoja dakika moja, ndipo utie jibini na kungumanga. Jibini kwenye moto mkali hujikaza, ikawa nyuzi na kutema mafuta. Mafuta yakijitenga juu, vijiko viwili vya maji ya moto ya makaroni na kukoroga kwa nguvu vitayarudisha. Chumvi ionjwe hapa, mwisho, hasa kwa anayetumia vidonge vya mchuzi, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Limau lisikaribie kikaango. Mwenye kulipenda alikamulie sahanini mwake.

Wasomaji wa pwani watauliza kuhusu tui la nazi. Linafaa, ila lina desturi yake: tui jepesi litangulie na nyama, tui zito liingie mwisho, na usiache likachemka kwa nguvu bila kukoroga, kwani nalo hukatika. Jibini uiache kabisa hapo. Mtindi pia unawezekana kwa anayependa uchachu kidogo: vijiko vikubwa vitatu vilivyopigwa pamoja na kijiko cha chai kimoja cha unga, vitiwe moto ukiwa umezimwa.

Ninachowaomba wahariri wa kurasa hizo ni kwamba kila mapishi yanayochapishwa yataje gramu au vijiko, idadi ya walaji, ukubwa wa moto, na dalili ya kutazama katika kila hatua. Nafasi ikibana, punguzeni picha. Anayepika ametoa fedha zake kununua nusu kilo ya nyama na jibini, na hana nyingine ya kujaribia.

Chakula kilichobaki kiingie kwenye friji kabla saa mbili hazijapita na kiliwe ndani ya siku tatu. Kesho yake kitakuwa kimekauka na kushikana. Kwa kila sahani ongeza vijiko vitatu vya maziwa, funika, pasha kwa moto mdogo ukigeuza hadi katikati kuwe na moto wa kutoa mvuke.

Wako,
Mpishi, Arusha